Olivini haiogopi moto, inaogopa maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie mjadala ulioanzishwa na makala mbili za hivi karibuni katika gazeti hili, ya kwanza ikiisifu olivini kuwa kito cha bei nafuu cha kuvaa badala ya zumaridi, na ya pili ikiitangaza kuwa mchanga wa kijani utakaoiondolea dunia hewa ya ukaa. Makala zote mbili ziliandikwa kwa nia njema na sikuona uongo wa wazi ndani yake. Malalamiko yangu ni kwamba kila moja ilishika ncha yake, na msomaji aliyezisoma zote mbili hakuambiwa kwamba sifa inayolifanya jiwe hili lichakae kidoleni ndiyo hiyo hiyo inayolifanya lifae, kwa kiasi fulani, katika suala la hewa ya ukaa. Wala hakuambiwa neno lolote kuhusu kazi ambayo olivini imekuwa ikiifanya viwandani kwa karibu karne moja, nayo ni kazi ya moto. Nimefundisha somo la madini kwa miaka mingi, na ningependa jiwe hili lielezwe kuanzia ndani yake.

Olivini ni silikati ya magnesi na chuma. Atomi moja ya silikoni huzungukwa na atomi nne za oksijeni, na kila kundi la namna hiyo husimama peke yake, bila kushikana na kundi jingine la aina yake. Kinachoyaunganisha makundi hayo ni magnesi na chuma vilivyokaa katikati yao. Katika kwatzi, madini yanayounda mchanga wa kawaida, mambo ni tofauti kabisa, kwa kuwa huko makundi ya silikoni na oksijeni yameshikana yenyewe kwa yenyewe pande zote. Tofauti hiyo ya ujenzi ndiyo inayoeleza karibu kila kitu nitakachokisema hapa chini. Muungano wa magnesi na oksijeni ni mgumu mno kuvunjwa kwa joto, ndiyo maana olivini yenye magnesi tupu haiyeyuki mpaka ifike takriban nyuzi 1,890 za Selsiasi. Lakini tindikali, hata ile hafifu iliyomo katika maji ya mvua, huing'oa magnesi bila taabu kubwa, na magnesi ikishatoka hakuna kinachobaki cha kuyashikilia yale makundi mengine. Jiwe hili halijali moto, bali maji hulimaliza.

Magnesi na chuma hubadilishana nafasi katika madini haya kwa kiwango chochote, toka ncha ya magnesi tupu, iitwayo forsteriti, hadi ncha ya chuma tupu, iitwayo fayaliti. Kadiri chuma kinavyozidi ndivyo jiwe linavyokuwa zito zaidi, kutoka uzito wa takriban gramu 3.3 hadi 4.4 kwa sentimita moja ya ujazo, na ndivyo linavyoyeyuka mapema zaidi, kwa kuwa fayaliti haifiki mbali kupita nyuzi 1,205. Chuma ndicho pia kinacholipa jiwe rangi yake. Kikiwa kidogo, olivini huwa ya kijani iliyoelekea manjano. Kikizidi, rangi hukolea na kuelekea kahawia. Olivini nyingi inayochimbwa kwa matumizi ya viwandani iko karibu na ncha ya magnesi, kwa wastani wa sehemu tisa kati ya kumi, na hiyo ndiyo ninayoizungumzia.

Anayetaka kuitambua avunje kwa nyundo kipande cha basalti kilichotoka volkenoni si zamani sana, kisha atazame upande mpya kwa kioo cha kukuzia. Ndani ya mwamba mweusi ataona punje zenye rangi ya chupa ya kijani na mng'ao wa kioo, ambazo hazikupasuka kwa pande bapa kama madini mengi yafanyavyo, bali kwa mikunjo ya duara iliyofanana na ya ndani ya kome. Ncha ya kisu haiachi mchoro juu yake, kwa sababu ugumu wake ni kati ya 6.5 na 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini toka 1 hadi 10. Sasa atafute basalti ya namna hiyo hiyo iliyokaa juani na mvuani kwa muda mrefu. Punje ni zile zile, ila kila moja imevaa ukingo mwekundu uliokoza, na wekundu huo umeingia ndani kwa kufuata nyufa, kwa kuwa maji yamekwisha kulila jiwe na kukigeuza chuma chake kuwa kutu. Punje za madini mengine zilizo kando yake huwa bado hazijaguswa. Katika maabara mchakato huo hufupishwa: unga laini wa olivini ukitiwa katika tindikali ya hidrokloriki iliyopashwa moto huyeyuka, na kinachobaki chini ya chombo ni ute mzito wa silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni. Kwatzi ikitiwa humo haitikisiki.

Mwanajiolojia Samuel Goldich aliliweka jambo hili katika mpangilio mwaka 1938, alipoyapanga madini ya kawaida ya miamba ya moto kwa kadiri ya wepesi wa kuoza kwake, na olivini ikawa ya kwanza kuoza huku kwatzi ikiwa ya mwisho. Ndiyo sababu fukwe nyingi duniani ni za mchanga wa kwatzi, na fukwe za kijani ni za kuhesabika. Ule wa Papakolea katika kisiwa cha Hawaii unadumu kwa sababu mawimbi yanaendelea kuubomoa mlima mdogo wa volkeno ulio kando yake na kuuletea punje mpya. Mlima ukiisha, kijani kitaisha.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba uchache wake juu ya ardhi ni uchache wa kweli. Chini ya ganda la dunia, katika koti la juu, olivini ndiyo inayochukua sehemu kubwa zaidi ya mwamba, hadi kina cha takriban kilomita 410, ambako mgandamizo huilazimisha ibadilishe mpangilio wa atomi zake na kuwa madini mengine yenye kemia ile ile. Volkeno hupandisha mabonge yake mara kwa mara, yamefungwa ndani ya lava. Huonekana pia katika vimondo, na mingine huwa na punje za kijani zilizozungukwa na chuma tupu. Jiwe ambalo ni nadra kwa mtu wa kawaida kuliona ni miongoni mwa vitu ambavyo sayari yetu inavyo kwa wingi kuliko vingi tunavyovijua.

Kuhusu vito nitasema machache, maana makala ya kwanza ilikwisha kusema mengi. Olivini safi isiyo na nyufa huitwa peridoti, na imechimbwa tangu zama za kale katika kisiwa cha Zabargad, kilichoko katika Bahari ya Shamu upande wa Misri; siku hizi hutoka zaidi Arizona nchini Marekani, Pakistan na Myanmar. Ni kito kizuri na chenye sifa zake chenyewe. Mwanga unaopita ndani yake hugawanyika mara mbili kwa kiwango kikubwa, hata mtu akitazama kupitia uso wa juu wa jiwe kubwa lililochongwa ataziona kingo za upande wa nyuma zimejirudia, jambo ambalo kioo cha kuigiza hakiwezi kulifanya. Lakini kusema kwamba ni badala ya zumaridi ni kumpotosha mnunuzi. Zumaridi hufika ugumu wa 7.5 hadi 8, na kijani chake hutokana na kromi au vanadi. Peridoti iko chini ya 7 au inaigusa tu, na vumbi la kawaida lililojaa punje za kwatzi, yenye ugumu wa 7, hulikwaruza taratibu kila linapofutwa. Jasho nalo, kwa kuwa lina tindikali kidogo, huutia uso wake ukungu baada ya miaka mingi. Peridoti ni jiwe la kidani na hereni kuliko la pete ya kila siku, na muuzaji mwaminifu atamwambia mteja hivyo kabla ya kupokea fedha.

Tukija kwenye moto, hapo ndipo ninapoona olivini imenyimwa haki yake. Katika viwanda vya kusubu, chuma kilichoyeyuka humiminwa ndani ya kalibu ya mchanga, na kwa desturi mchanga huo ni kwatzi, kwa sababu unapatikana kwa wingi na haugharimu sana. Kwatzi ina tabia moja inayowasumbua mafundi: ikifika nyuzi 573, mpangilio wa fuwele zake hubadilika ghafla na punje hutanuka kwa mkupuo, hata uso wa kalibu ukapasuka au kubanduka, na kasoro hiyo ikabaki juu ya chuma kilichoganda. Olivini haina badiliko la namna hiyo. Hutanuka kidogo kidogo na kwa mfululizo kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo kalibu hubaki na umbo lake na kitu kilichosubiwa hutoka na vipimo vilivyokusudiwa. Iko pia feleji yenye manganizi nyingi, ile itengenezewayo taya za mashine za kuvunjia mawe na makutano ya reli, ambayo haipatani kabisa na kwatzi: oksidi ya manganizi huila silika, na fundi akivunja kalibu hukuta mchanga umegandamana na chuma, asiweze kuubandua ila kwa kusaga. Olivini haina silika huru ya kuliwa, na chuma hutoka na uso safi.

Lipo na suala la mapafu, ambalo peke yake lingetosha kuandikiwa makala. Vumbi la kwatzi likivutwa kwa miaka huleta silikosisi, ugonjwa unaoyatia mapafu makovu yasiyotibika, na mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Silika iliyomo katika olivini imefungwa pamoja na magnesi na chuma, si kwatzi, na haina madhara ya aina hiyo. Simaanishi kwamba vumbi lake lipumuliwe tu. Vumbi lolote la mawe linahitaji kinga, na machimbo mengine ya olivini yana mishipa ya serpentini, yaani olivini iliyokwisha kugeuzwa na maji, ambayo inaweza kuwa na nyuzi za asbesto, kwa hiyo mzigo hauna budi kupimwa kabla ya kuuzwa. Hata hivyo, mwenye kiwanda anayeendelea kumimina chuma katika kwatzi huku akilalamikia gharama ya olivini anapaswa kuijumlisha na gharama ya mapafu ya wafanyakazi wake, na sijaona wengi wanaoijumlisha.

Mchanga huu una mipaka yake, na mipaka hiyo inatokana na udhaifu ule ule nilioutaja. Baadhi ya gundi zinazotumika kushikamanisha punje za kalibu huganda kwa msaada wa tindikali. Olivini huila tindikali hiyo kabla gundi haijaganda, na kalibu hubaki laini. Tena, olivini iliyokwisha kuanza kuoza ardhini na kugeuka serpentini huwa imebeba maji ndani ya fuwele zake, na maji hayo hutoka kwa nguvu kalibu inapopata joto, yakiacha matundu katika chuma. Mnunuzi asitosheke na rangi ya kijani, kwa kuwa serpentini nayo ni ya kijani. Achome sampuli, apime ni sehemu gani ya uzito iliyopotea, kisha aamue.

Matumizi makubwa zaidi kwa uzito, hata hivyo, hayako katika kalibu bali ndani ya tanuri kubwa la kuyeyushia madini ya chuma. Humo uchafu wa madini huelea juu ya chuma kama mavi ya chuma, na mavi hayo yakiwa mazito mno hayatiririki na tanuri huziba. Magnesi huyafanya mepesi. Kwa muda mrefu magnesi hiyo ilitokana na dolomiti, ambayo ni kabonati, yaani jiwe lililofunga hewa ya ukaa ndani yake, kwa hiyo lazima kwanza itumie joto kujivunja na kuitoa hewa yake ya ukaa. Olivini hutoa magnesi ile ile bila kutoa hewa hiyo hata kidogo, na huleta na silika yake. Norway, hasa katika machimbo ya Åheim, imekuwa kinara wa biashara hii, na mwanakemia wa huko, Victor Goldschmidt, ndiye aliyesukuma mbele utafiti wa matofali ya olivini yanayohimili moto katika miaka ya 1920. Naona ajabu kwamba gazeti linaloandika kurasa mbili juu ya olivini na hewa ya ukaa halikuitaja faida hii, ambayo haingoji teknolojia ya kesho.

Sasa nije kwenye mchanga wa fukweni. Hoja yenyewe ni ya kweli kikemia. Maji yenye hewa ya ukaa yakikutana na olivini huitoa magnesi, na hewa ile hugeuka bikabonati, chumvi iliyoyeyuka majini, inayobaki baharini kwa maelfu ya miaka. Kwa hesabu ya darasani, tani moja ya forsteriti safi huweza kufunga tani 1.25 za hewa ya ukaa. Marehemu Olaf Schuiling, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi, aliitetea njia hii kwa miaka mingi, akisema kwamba mawimbi yenyewe yatazisaga punje na kuzisafisha uso, na mwaka 2022 mchanga wa olivini ulimwagwa kwa majaribio katika ufuo mmoja wa Southampton, jimbo la New York. Sina ugomvi na majaribio hayo. Ugomvi wangu ni na makala iliyoichukua ile 1.25 na kuiandika kana kwamba ni ahadi.

Kwanza ni suala la wakati. Hesabu inayonukuliwa sana vitabuni huipa punje ya forsteriti yenye kipenyo cha milimita moja takriban miaka 2,300 ya kuyeyuka yote katika maji yenye tindikali hafifu ya pH 5 (katika kipimo hiki 7 ni katikati, na chini yake ni tindikali) na joto la nyuzi 25, ilhali punje ya kwatzi ya ukubwa huo huo ingechukua miaka milioni 34. Ikilinganishwa na kwatzi, olivini inakimbia. Ikilinganishwa na muda tulio nao, inatambaa. Isitoshe, maji ya bahari hayana tindikali, pH yake ni karibu 8, na humo kasi hushuka zaidi. Dawa ni kuisaga, kwa sababu muda wa kuyeyuka hupungua sawasawa na kipenyo: punje ya sehemu ya kumi ya milimita huchukua sehemu ya kumi ya muda. Ila kila hatua ya kusaga inahitaji umeme, na umeme ukitokana na makaa ya mawe sehemu ya faida huliwa kinuni kabla mchanga haujafika pwani. Usafirishaji nao una hesabu yake.

Pili ni wingi. Shughuli za binadamu hutoa kila mwaka takriban tani bilioni 37 za hewa ya ukaa kutokana na makaa, mafuta na gesi. Kuifunga yote kwa njia hii kungehitaji karibu tani bilioni 30 za olivini safi kwa mwaka, na uzalishaji wa sasa duniani ni wa mamilioni tu ya tani. Haimaanishi kwamba haiwezekani kuchimba kiasi kikubwa, kwani Umoja wa Mataifa umekadiria kuwa dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Inamaanisha kwamba tunazungumzia sekta ya uchimbaji ya ukubwa huo ianzishwe upya, kwa jiwe moja, na kwa ajili ya kulimwaga.

Tatu ni hatima ya bikabonati. Magnesi ikibaki imeyeyuka, hesabu ya 1.25 inasimama; lakini ikitokea kabonati zikaganda baharini kwa sababu ya badiliko hilo la maji, nusu ya hewa iliyofungwa hurudi angani, na tani moja ya jiwe hubaki na tani 0.63 tu. Mwandishi wa makala hakutaja uwezekano huo, ingawa ndio unaoamua kama mradi unalipa.

La mwisho ni nikeli. Olivini itokayo katika koti la dunia huwa na nikeli iliyochukua nafasi ya magnesi, kwa kawaida karibu kilo 3 kwa kila tani, na jiwe likiyeyuka nikeli nayo huachiwa. Katika bahari kuu huenda isionekane. Katika ghuba yenye maji yasiyobadilika haraka, penye kome na chaza wanaochuja maji siku nzima, ni jambo la kupimwa kabla ya lori la kwanza kumwaga mzigo, si baada ya hapo.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Mhariri, kwamba gazeti litakaporejea mada hii, waandishi wako waandike pamoja na tarakimu ya hewa ya ukaa ukubwa wa punje, umeme uliotumika kuzisaga, umbali kutoka machimboni, na kiasi cha nikeli na serpentini kilichopimwa katika mzigo. Mwenye mradi anayevijua vitu hivyo vinne hatachukua zaidi ya dakika tano kuvitaja.

Wako katika ujenzi wa maarifa,
Mwalimu wa madini na miamba